Bakuli la Uji

Siku ya tatu hii Bi Chausiku hagusi chakula cha mkamwana wake, Sikudhani. Tangu waanze kuonyesha ile tamthilia ya mke anayemtilia mama mkwe wake sumu, kila bakuli analitazama tu.

"Mama, kunywa uji. Mimi si yule wa kwenye televisheni."

"Na yule naye husema maneno matamu, mwanangu."

Sikudhani akafuata desturi ya kumtoa mgeni shaka: akanywa yeye kwanza mafunda mawili, akapangusa ukingo wa bakuli kwa kanga, akampa. Bi Chausiku, njaa ikimuuma, akanyoosha mkono.

Kwenye televisheni, yule mke naye akaonja kwanza, akatabasamu.

Mkono ukabaki hewani, mvuke wa uji ukipita katikati ya vidole.