Binti Aliyeshiba

Wazazi wenzangu, baneni matumizi mlipe madeni, lakini msiwafunze watoto nilivyomfunza wangu.

Siku tuliyomaliza deni la dukani nilipika nyama. Binti yangu akaisukuma sahani kabla hajaonja. "Nimeshiba, mama."

"Kula we, mjinga!" kaka yake akamcheka, mashavu yamemvimba kwa tonge. "Deni limekwisha!"

Mwaka mzima nilikuwa nikimsifu kila aliposema ameshiba. Nilimwita "askari wangu", nikirudisha chakula chake sufuriani kiwe cha kesho.

Nikammegea kipande laini, nikakipuliza, nikampelekea mdomoni. Akaubana mdomo. Mchuzi ukamtiririka kidevuni, wala hakuulamba.

"Mama," akaninong'oneza, "hii umemkopa nani?"