Mchicha wa Kiangazi

Saumu alipoipima programu ya kugawa maji ya mji, kipimo cha ugumu wa msimbo kiliwaka chekundu: masharti ya 'ikiwa hivi, fanya vile' yamerundikwa, moja tumboni mwa jingine. Mvivu haandiki hivi, aliwaza. Huandika hivi mwenye la kuficha.

"Usiiguse hiyo, binti. Inafanya kazi," alisema Bwana Makame, aliyeiandika, huku akimwekea mezani fungu la mchicha wa bustanini kwake, kama alivyowagawia wenzake kiangazi chote.

Saumu akaigusa. Akafuta sharti, akajaribisha, mgao haukubadilika. Akafuta jingine, na jingine, mpaka programu ikasomeka bila kukuna kichwa. Likabaki moja tu lenye kazi: bomba la mtaani kwa Makame lisifungwe kamwe, hata zamu yake ya kukatiwa maji ikifika.

Nyuma yake kiti cha Makame kilisogea. Saumu hakugeuka. Alikuwa akiutazama mchicha, ukidondosha maji mezani.