Jicho la Fundi

"Jiwe hili takatifu halijaguswa na fundi tangu hekalu lijengwe, miaka elfu mbili sasa," alisema mwongoza watalii.

Mzee mwashi, mgeni katika nchi ile, aliinama. Jicho la fundi halina likizo. Pembeni mwa jiwe aliona saruji, tena ya juzijuzi, iliyopakwa ovyo na mwanagenzi.

Alipoinua uso, mwongozaji alikuwa akimtazama, kijasho kikimtoka.

Mke wa mzee alikwishaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, machozi yakimlengalenga, akimwombea binti yao aliyelazwa huko nyumbani.

"Baba watoto, wewe ndiye fundi," alisema bila kugeuka. "Ni lenyewe kweli?"

Mzee akaufunika ule mstari wa saruji kwa kiganja chake.

"Ndilo, mama. Omba."