Mzee Asiyejua Kujichoma Sindano

Mzee hakunawa mikono. Alilinyakua bomba la sindano kutoka kwenye trei, akalitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, kisha kifuniko akakivua kwa meno.

"Kwa meno, baba?" nesi aliuliza nyuma ya barakoa yake.

"Vidole vimezeeka, mwanangu. Meno ndiyo yamebaki na nguvu."

Mlangoni alisimama msimamizi wa kliniki, amekunja mikono kifuani. Bomba lilikuwa la mazoezi, limejazwa maji matupu, na wa kuchomwa alikuwa kipande cha sifongo mezani. Wagonjwa wengine wa ngozi walifundishwa mara moja, wakapewa dawa zao kwenye kikasha cha barafu, wakaenda kujichoma nyumbani. Huyu bado alikuwa akirudi kila baada ya wiki mbili, somo halimwingii. Leo msimamizi alikuja kujionea kwa macho yake.

Naye mzee, tusimfichie, alikuwa akijitahidi kushindwa.

Kuwashwa kwake hakukuwa kwa mchezo. Miaka nenda miaka rudi ngozi ilimwasha, shuka zikaamka na damu, kucha hazipumziki. Mtu hujikuna ajipatapo, wanasema. Pale mgongoni asipojipata alikunwa na mkewe, taratibu, huku akisimuliwa habari za majirani. Mkewe alipofariki, ule mgongo ukabaki yatima.

Watu nao wakajitenga. Vidonda vile haviambukizi, lakini nani wa kumsikiliza? Kinyozi alianza kumwambia kila akienda kwamba mashine imeharibika. Jirani alimsalimia kwa kumpungia mkono, na wamesimama hatua mbili tu. Mke wa mwanawe alimwita baba kwa upendo wote, kwenye simu, kutoka mji wa mbali.

Ndipo ikaja hii sindano mpya. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imechanganyikiwa, inapigana na mwenyewe, na dawa hii ingeituliza. Ikaituliza kweli. Sasa mzee analala usiku kucha, na ngozi imerudi kuwa ngozi. Kuwashwa kuliondoka, lakini watu hawakurudi. Walishazoea kupunga mkono.

Akabaki na nesi tu. Kila alipokuja, binti yule alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto ndipo akamgusa. Huyu amefundishwa na mtu, mzee alijisemea siku ya kwanza. Alimshika nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu hawezi kujichoma mwenyewe, akaingiza dawa bila pupa, na alipomaliza alikiacha kiganja kitulie pale kidogo. Mzee hufumba macho wakati huo. Zaidi ya yule binti, hakuna aliyemgusa tangu mazishi ya mkewe. Akifaulu leo, hata hicho kiganja basi.

"Kwani ulikuwa unafanya kazi gani, mzee wangu?" msimamizi aliuliza.

"Karani wa ghala," alijibu bila kupepesa. "Magunia tu, maisha yangu yote."

Nesi aliinamisha kichwa, akaanza kupanga pamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Haya, endelea."

Akaendelea. Aliigusa ncha ya sindano kwa kidole, kuona kama ni kali. Akaichomeka kwenye sifongo kimshazari huku ameutazama ukuta. Akaichomoa maji yakiwa nusu, mengine yakamrukia msimamizi viatuni. Mwisho akalisugua lile sifongo kwa nguvu zake zote, kama anayetoa doa kwenye kola ya shati.

Msimamizi alivitazama viatu vyake. "Nyumbani hakuna mtu wa kukusaidia?"

"Kuna redio," alisema mzee.

Hilo lilikuwa kweli, na lilitoka na uchungu kuliko alivyokusudia. Msimamizi akamgeukia nesi.

"Wewe ndiye uliyemfundisha. Unasemaje?"

Nesi aliliokota bomba, akalitazama, akalitupa kwenye kopo la sindano zilizotumika.

"Hawezi," alisema. "Na sidhani kama atakuja kuweza. Tumwache aje kwetu tu, tumchome wenyewe."

"Basi. Kujifunza uzeeni ni kazi," msimamizi alisema, akaenda zake akiacha alama za maji kwenye sakafu.

Mlango ulipofungwa, mzee alikunja mkono wa shati. Alikuwa na furaha, na aibu ilikuwa imekaa pembeni ya furaha hiyo. Kumdanganya binti mwema kama huyu si jambo la kujivunia. Nesi alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Akamshika nyuma ya mkono, akaingiza dawa, ya kweli sasa, kisha akakiacha kiganja chake pale. Leo kilikaa zaidi ya siku zote.

"Makosa yote uliyotuigizia, na kwa mpangilio uleule," alimnong'oneza. "Mpaka kifuniko kwa meno, kilichotuvunja mbavu darasa zima, mwaka wetu wa kwanza wa uuguzi. Siku nyingine akija kututazama, yachanganye kidogo, Mwalimu."