Mkono wa Mwanakheri

Mwanakheri alipiga magoti kwenye mstari wake katika shamba la ujamaa, Tindiga, akautazama udongo kwa woga, kama mtu anayefunua sanda.

Tangu utotoni aliambiwa mkono wake una mkosi: akishika mbegu, haioti. Naye akaamini. Kwa mumewe alilima, akapalilia, akavuna, ila kupanda walipanda wengine. Lakini shamba la kijiji halikujali mikosi. Kila mtu alipewa mstari, naye akafukia mahindi yake huku uso ameuinamisha.

Sasa yalikuwa yameota. Yote. Kila mche ulijiviringa kama mkeka mdogo, ncha imebeba tone la umande. Akaugusa mmoja. Haukunyauka.

Mama mkwe wake alikuja na kopo la mbegu za kuziba mapengo ya mstari wake, pale mahindi yalipokosa kuota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mstari huu wa nani?"

"Wangu."

Mama mkwe aliutazama mstari, kisha mikono ya mkwewe.

Mwanakheri akasimama. Hakujipangusa udongo. Akanyoosha kiganja.

"Lete hilo kopo, mama. Mapengo yako nitayaziba mimi."