Mtihani wa Ukungu

Mwokaji mikate alikuwa amelala wima, paji la uso juu ya gunia la unga, na mwalimu wake hakukoma kufundisha.

"Usiulize muziki huu unakwenda wapi," alisema mwalimu huyo, mama wa masomo yaliyorekodiwa kwenye simu, kwa sauti ya mtu mwenye mtoto mchanga chumba cha pili. "Uliza uko wapi."

"Uko kwenye tanuri!" akajibu mwenzake wa zamu. "Profesa, amka! Mikate inaungua!"

Mwokaji, aliyebandikwa jina hilo kwa masomo yake, akaamka, akaokoa alichoweza, akairudia simu. Masomo yalikuwa mafupi, ya dakika tano tano, yametengenezwa kwa ajili ya watu wasio na muda. Hayakuwafikiria watu waliokesha. Kila somo lilikuja na kipande cha piano cha watunzi wa zamani wa Ulaya walioitwa waimpreshonisti ambao, kwa alivyoelewa yeye, walikuwa wamechoka kama yeye. Hawakumaliza sentensi.

"Wenzako wanaoa kwa posa," alisema yule mwenzake. "Wewe unaoa kwa piano."

"Kila mkwe na mzigo wake."

Mzigo huu alikuwa ametwikwa na mchumba wake mwenyewe. "Baba anaupenda muziki huo kufa," alimwambia. "Asiyeujua hampi hata kiti, sembuse binti." Alisema hivyo bila kutabasamu, na mwokaji, aliyekuwa mtu wa imani, akaamini.

Sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Mzee alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Enzi zake wauza sukari walifunga maduka walipokiona kivuli chake. Mara ya kwanza walipokutana alisema mvua iko karibu. Mara ya pili alisema imepita. Katikati ya kauli hizo mbili kulikuwa na chai, na ukuta ambao wote wawili waliutazama kwa makini sana. Binti aliketi kati yao akihesabu vigae.

Sasa Jumapili mzee angetoa jibu la posa. Ndoa ikipita, wawili hao wangehamia mji mwingine, ambako kampuni ya mikate ilikuwa imefungua tawi.

Kwa hiyo mwokaji alisoma. Alisoma akikanda, alisoma akipanga trei, alisoma akisubiri basi na kupitiliza kituo. Alikariri kwamba mkono wa kushoto hutuliza na wa kulia hutawanya. Alikariri kwamba pedali huziacha sauti zichanganyike kama wino kwenye maji. Asubuhi moja tu, akitoa mikate huku simu ikipiga piano mfukoni, alisimama ghafla na kusikiliza kweli. Kisha trei ikamchoma kidole, akaendelea na kazi.

Jumapili ikafika.

Mzee alikuwa amevaa tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Mezani palikuwa na spika ambayo bado haijabanduliwa plastiki, na mwokaji akajiambia: huyu ni mtu anayetunza vitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa."

Kiti amepewa. Dalili njema. Binti akawasha muziki, akasema, "Nawaachia wataalamu," akaenda jikoni.

Piano ikaanza. Mzee akafumba macho. Mwokaji naye akafumba, akahisi hatari iliyomo, akayafumbua haraka.

"Mkono wa kushoto," mzee alisema. "Umetulia. Au wewe unaonaje?"

Mwokaji akaugundua mtego. Mkaguzi wa mizani hakutajii uzito. Anakuacha uutaje mwenyewe.

"Umetulia, mzee."

"Eeh. Umetulia sana." Mzee akajifuta jasho. "Na pedali je?"

"Pedali ipo, mzee."

"Ipo, ipo. Nimeisikia."

Huu ndio ulikuwa wakati wa wino na maji, lakini sentensi zote alizokariri zilikuwa zimebaki kwenye gunia la unga. Alizitafuta, akachoka kuzitafuta, na kuchoka kukamfanya aseme kweli.

"Mzee, mimi hapa naona mvuke wa mikate. Asubuhi ukiitoa, mvuke unapanda dirishani, jua linaugusa, na kwa kitambo hujui mkate uko wapi na kioo kiko wapi. Halafu unatoweka. Kipande hiki nacho kinatoweka vivyo hivyo. Mengine sijui."

Mzee akafumbua macho. Akamtazama kama mtu anayetazama mizani iliyokataa kutulia. Muziki ukaisha, na hakuna aliyejua umeishia wapi.

Mwokaji akavitafuta kwa macho viatu vyake mlangoni. Akafikiria atakavyomwambia binti. Akafikiria pia, Mungu amsamehe, kwamba walau sasa atalala.

Mzee akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Akakisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akashusha sauti.

"Hilo la mvuke," alinong'ona, "liko somo la ngapi la yule mama wa simu? Mimi nimeishia somo la ukungu, macho yakakataa."

Mwokaji akavisahau viatu.

"Usimwambie binti. Ameniambia mkihama mtanichukua, ila wewe huwezi kukaa nyumba moja na mtu asiyeujua muziki huu." Mzee akainyoosha tai yake. "Niambie ukweli, mwanangu. Nimefaulu?"