Nyumba Iliyochorwa

Siku hizo magari ya wagonjwa yalijiendesha yenyewe, na hayakuingia mahali pasipochorwa kwenye ramani. Bondeni kwa Mkocho hapakuwa pamechorwa, hadi vijana wa kikundi cha kujitolea walipoanza kuupima mtaa kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro, na ramani yao wakaiacha wazi kwa kila mtu.

Nyumba ya Bi Mwanaheri, kando ya mtaro uliougawa mtaa, ilikuwa ya mwisho kuchorwa kabla mvua haijawafukuza. Wiki hiyohiyo mke wa mwanawe, Zuhura, akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Gari likaja mpaka mlangoni. Mama na mtoto waliporudi wazima, Bi Mwanaheri alimpigia simu Rehani, kiongozi wa wachoraji.

"Mwanangu, mjukuu wangu huyo analia, msikie mwenyewe. Mungu akupe umri."

"Amina, bibi. Mvua ikikatika tunarudi kumalizia ng'ambo ya mtaro."

Mvua haikukatika. Alasiri moja Mashaka, jirani wa ng'ambo, alivuka mtaro akiwa amembeba mama yake mgongoni, mwili unachemka kwa homa.

"Hodi, Bi Mwanaheri. Tumekuja kuugulia kwako. Kwetu gari halifiki."

"Karibuni, baba. Mlaze hapa kitandani kwangu."

Akaliita gari, nalo likaja, likamchukua mgonjwa. Bi Mwanaheri alimshukuru Mungu, akatoka kufunga mlango. Ndipo alipowaona wengine wakishuka mtaroni na mgonjwa wao kwenye kanga, na nyuma yao wengine tena.

Akauacha mlango wazi, akaenda kutandika mikeka.